Mchepuo Unaovunja Nyumba

Siku bodi ya shule ilipoufuta mchepuo, Mzee Shimba Machibya alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba. Alivua kofia, akaketi kwenye kiti chake kibarazani, akaomba maji ya kunywa kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani. Mkewe alipomletea, hakuyanywa. Alikuwa na habari, na Mzee Shimba akiwa na habari hata kiu inabidi isubiri.

"Leo tumemaliza kazi," alisema. "Ule uchafu wa pale shuleni tumeukomesha. Mchepuko, malufuku."

"Mchepuko wa nani tena?" aliuliza Mama Rebeka.

"Wa yeyote. Mkuu wa shule kauleta mwenyewe mezani, tena bila kuficha. Kasema mchepuko ndio umetuangusha, wilaya nzima inatucheka sisi. Wenzangu wote wakawa wanaangalia viatu vyao. Mimi nikasimama. Nikasema jambo hili ni aibu, linavunja nyumba za watu, liondoke leo kabla ya kesho. Walipiga makofi, Mama Lebeka! Hata mkuu wa shule alipiga."

Rebeka alikuwa nyuma ya nyumba akisugua masufuria kwa majivu. Alicheka huku amejiziba mdomo kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa michafu. Alijua, kama kila mtu wa Kamanga alivyojua, baba yake alikuwa anasema habari za nani. Mwalimu Nathaniel, aliyekuwa akifundisha fizikia, alijipatia mke wa mtu, mke wa mfanyabiashara wa samaki, na mwenye mke alipopata fununu alimfuata mpaka shuleni na kafi la mtumbwi mkononi. Nathaniel alivuka na kivuko cha kwanza kwenda Mwanza. Aliacha godoro, akaacha na darasa, na barua ya uhamisho ikaja baadaye kumfuata huko alikokwenda. Wazee wa kanisani waliliongea jambo lile mpaka likachakaa. Na sasa, Nathaniel keshasahaulika na mke wa mtu keshasamehewa, ndiyo kwanza bodi inaamka kupiga marufuku. Hayo ndiyo yaliyomchekesha Rebeka.

Alicheka kwa raha zake, masikini, akasuuza masufuria, akaenda kupiga pasi sare, kwa kuwa Jumatatu shule ilikuwa inafunguliwa na yeye alikuwa anaingia kidato cha tatu.

Kidato cha tatu ndicho cha kuchagua. Mpaka kidato cha pili mnasoma vyote, mnavyovipenda na visivyopendeka. Mkifika cha tatu mnagawanyika, hawa mchepuo wa sanaa, hawa mchepuo wa sayansi, na huko mtu alikoshika njia ndiko atakakotokea ukubwani. Rebeka alikuwa amekwisha kujipangia tangu zamani. Masomo saba ni ya kila mtu, hayana mjadala: hisabati, Kiingereza, Kiswahili, baiolojia, jiografia, historia na uraia. Juu ya hayo yeye angeongeza fizikia na kemia, yawe tisa, mzigo ambao wenzake walimwambia utamvunja shingo. Aliwajibu kwamba shingo ni yake.

Hakuyachagua kwa kujionyesha. Siku moja, akivuka na mama yake kwenda sokoni mjini, alikuta mlango wa chumba cha injini ya kivuko uko wazi. Ndani alimwona mwanamke aliyevaa ovaroli, amepakaa mafuta mpaka kwenye nyusi, anawaamrisha wanaume wawili na wanaume wanatii. Rebeka alisimama pale mpaka mama yake akaanza kumtafuta. Yule mwanamke alipomwona akamuuliza, "Unaitaka kazi?" Rebeka akaitikia kwa kichwa. "Basi soma fizikia. Bila fizikia humu ndani utakuja kufagia tu." Hakumwona tena na hata jina lake hakulijua, lakini tangu siku ile alikuwa na jibu watu walipomuuliza anataka kuwa nani.

Tatizo ni kwamba shule yao ilikuwa shule ya kata, na kule kwao husomi unachokitaka, unasoma kilichopo. Maabara ilikuwepo, yaani kilikuwepo chumba kilichoandikwa maabara mlangoni, na ndani yake yalihifadhiwa magunia ya mahindi ya uji wa wanafunzi. Mwalimu wa fizikia ndiye huyo aliyelikimbia kafi. Lakini Rebeka hakuwa mtu wa kukaa kulalamika. Kabla ya likizo alimfuata Mwalimu Pius wa hisabati, akamganda kama kupe, mpaka Pius akakubali kulishika somo. "Mimi fizikia niliiachia kidato cha sita," alimwambia, "tutakumbushana hivyohivyo." Kwa upande wa kemia alikuwepo Mwalimu Odeta, msichana aliyemaliza chuo na aliyekuwa akijitolea huku akisubiri ajira. Rebeka akatafuta na wenzake watatu wenye nia, maana Mwalimu Pius alisema hawezi kusimama mbele ya mtu mmoja akaita darasa. Kila kitu kikawa kimekaa sawa. Ilibaki ratiba tu.

Ratiba ilibandikwa Jumatatu asubuhi. Rebeka aliisoma kutoka juu mpaka chini, kisha akairudia kutoka chini mpaka juu, akidhani macho yamemruka. Kidato cha tatu walikuwa na historia, walikuwa na jiografia, walikuwa hata na kilimo. Fizikia haikuwemo. Kemia haikuwemo.

Alimkuta Mwalimu Pius kwenye ngazi za ofisi ya walimu, amesimama tu, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akimsubiri na kumkwepa kwa wakati mmoja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeiona?"

"Nimeiona. Wamesahau masomo mawili."

"Hawajasahau, Rebeka. Bodi imeufuta mchepuo."

"Mchepuo upi?"

"Wa sayansi, kwani upi mwingine? Mkuu aliwaambia mchepuo ndio unaoshusha wastani wa shule. Hauna mwalimu, wanaofanya fizikia wanaambulia F tupu, shule inakuwa ya mkiani wilayani. Bora ufutwe, tubaki na sanaa. Wakakubali wote." Aliangalia pembeni. "Na aliyeukataa kwa ukali kuliko wote, nisikufiche, ni mzee wako. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyekuwa naandika. Alisema unavunja nyumba za watu. Nikajiuliza, Rebeka kamkosea nini baba yake?"

Rebeka aliyalinganisha maneno mawili kichwani. Herufi moja. Kati ya mchepuo na mchepuko kuna herufi moja tu, na baba yake alikuwa ameiongeza mwenyewe, kisha akasimama kuihutubia.

Wala halikuwa jambo la ajabu, ukimfahamu mzee. Shimba Machibya alikulia kwenye Kisukuma na ng'ombe. Kiswahili alikipata ukubwani, kanisani na mnadani, na alikionea wivu kama mali aliyoichuma kwa jasho lake. Kila Jumapili yeye ndiye aliyekuwa msomaji kanisani, na hakuwahi kukwama. Neno mchepuko alilijua vizuri, maana lilikuwa likihubiriwa kila mara. Mchepuo wa masomo hakuwahi kukutana nao popote. Sikio lake likachukua lile lililolizoea. Mkuu wa shule, Mwalimu Nestory, yeye alizaliwa na Kiswahili mdomoni. Alijua fika mzee yule anazungumza habari gani, na alichofanya ni kunyamaza na kupiga makofi. Huyo ndiye aliyekuwa wa kulaumiwa, si mzee. Angalau siku ile ilikuwa bado ni hivyo.

Rebeka alikwenda ofisini kwa mkuu saa ya mapumziko. Alimkuta anamenya karanga juu ya gazeti, akamkaribisha vizuri, akamwonyesha kiti.

"Mwalimu, ile bodi haikuelewa," alisema baada ya salamu.

"Nani hakuelewa?"

Rebeka akasita. Kulitaja jina la baba yake mbele ya mtu huyu kulikuwa sawa na kumvua nguo mzee wake hadharani. "Baadhi ya wajumbe," alisema.

"Baadhi ya wajumbe." Mwalimu Nestory alitabasamu, na kwa tabasamu lile Rebeka akajua kwamba anajua. "Binti, mwaka jana kwenye kikao cha wilaya niliambiwa nisimame, wakuu wa shule wenzangu wote wamekaa, nieleze kwa nini shule yangu imekuwa ya mwisho. Wewe bado mdogo, hujui kusimamishwa ukiwa mtu mzima kunavyouma. Fizikia ndiyo iliyonisimamisha. Siwezi kuirudisha kwa ajili ya watoto wanne. Wewe una akili. Kwa sanaa utapata divisheni wani bila jasho, na shule itapanda. Kila mtu atafurahi."

"Mimi sitafurahi, mwalimu."

Akacheka. Kwa kweli alimpenda. Rebeka alikuwa mwanafunzi wake bora kuliko wote, na ndiyo maana alimtaka kule ambako alama zake zingemfaa yeye mkuu wa shule. "Sikiliza," alisema. "Nisije nikaonekana dikteta. Jumamosi tuna mkutano wa wazazi. Mjumbe wa bodi akisimama, mmoja tu, akasema suala hili litazamwe upya, nitalirudisha mezani na nitalipitisha. Mbele ya afisa elimu kata sitakuwa na ujanja. Lakini awe mjumbe. Mwanafunzi, hapana."

Alijua anachezea wapi. Alijua ni mjumbe gani ambaye ingembidi asimame, na kwamba mjumbe huyo angetakiwa alambe matapishi yake mwenyewe mbele ya kadamnasi. Akamsogezea Rebeka karanga. Rebeka akazikataa kwa adabu.

Mama Rebeka alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini, akajifuta machozi kwa kanga, kisha cheko likamkauka lenyewe. "Kwa hiyo umekosa," alisema.

"Bado, mama. Baba akisimama Jumamosi nitakuwa sijakosa."

"Au nikupeleke kwa shangazi yako Usagara? Huko shule zenye sayansi zipo."

Wote wawili walijua nyumba ya shangazi ilivyo, watoto wanalala mpaka jikoni. Mjini ng'ambo hawakuwa na mtu. Wazo likafa hapohapo lilipozaliwa.

"Mwambie wewe," alisema mama. "Mimi nikimwambia atasema namcheka. Na kucheka nitacheka, mwanangu, sitaweza kujizuia."

Rebeka alimwambia baba yake Jumanne jioni, ng'ombe walipokwisha kuingia zizini. Alimpelekea maji ya kunawa, akapiga magoti kama ilivyo desturi, na kwa kuwa alikuwa chini na macho yake yako kwenye beseni, ilikuwa rahisi kidogo kusema. Alieleza polepole. Hakusema umekosea. Alisema maneno yale yanafanana, hata walimu huyachanganya, jambo ambalo si kweli.

Mzee Shimba alikaa na mikono yake inachuruzika maji.

"Unanifundisha Kiswahili, Lebeka?"

"Hapana, baba."

"Alisema mchepuko. Nina masikio."

"Alisema mchepuo, baba. Mchepuo wa sayansi. Ni yale masomo yangu, fizikia na kemia. Ndiyo yaliyofutwa."

Midomo ya mzee ilicheza bila sauti. Mchepuo. Mchepuo. Alikuwa anairudia siku ile, na Rebeka aliona jinsi inavyomrudia kipande kwa kipande, yale makofi, nyuso za wenzake, Mwalimu Nestory akiinamisha kichwa kuficha kitu. Uso wa mzee ulizeeka binti yake akiutazama. Rebeka alimwonea huruma kiasi kwamba nusura aseme basi, tuyaache, fizikia ya nini.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekufukuza," alisema mzee mwishowe.

"Hukujua, baba."

"Sikujua." Sauti ilimpungua. "Sikujua, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyokuwa akimwita alipokuwa mdogo. Alikuwa hajamwita hivyo tangu aanze sekondari.

Wakapanga. Asingesema kwamba hakuelewa. Hilo Rebeka mwenyewe ndiye aliyelitoa, kwa heshima ya baba yake. Angesema amelifikiria upya suala la mchepuo na anaona watoto wenye nia wapewe nafasi. Maneno machache, basi. Mzee aliyarudia huku akila, akayakosoa, akaongeza "ndugu zangu wazazi" mwanzoni ili yakae vizuri. Siku zilizofuata Rebeka alimsikia akiyasema peke yake zizini, ng'ombe wakimsikiliza. Furaha ilimrudia mtoto wa watu. Mwalimu Pius alipoambiwa alianza kutembea na kitabu cha fizikia kwapani, na Ijumaa mchana Mwalimu Odeta akawachukua Rebeka na wenzake watatu wakayatoa magunia ya mahindi maabarani, wakafagia mavi ya panya, wakaosha meza. Nyuma ya magunia walikuta chupa za kemikali ambazo hazijafunguliwa tangu zije, na mizani ambayo bado ilikuwa inafanya kazi. Walipima nayo kila kitu kilichokuwa karibu, chaki, kandambili, mpaka mkufu wa Mwalimu Odeta, wakicheka kama watoto wa chekechea.

Mkutano ulifanyika kwenye madarasa mawili yaliyoondolewa ukuta wa mbao wa katikati. Wazazi walijaa. Waliopata viti walikaa, waliokosa wakaegemea kuta. Mbele walikuwa wamekaa afisa elimu kata, mkuu wa shule na wajumbe wa bodi, na kati yao Mzee Shimba, ndani ya koti lake la kanisani, amenyoa ndevu vizuri. Rebeka na wenzake walisimama nje dirishani. Vioo vya dirisha lile vilikwisha kuvunjika siku nyingi, kwa hiyo kila neno lilisikika.

Mwalimu Nestory hakungoja kuvamiwa. Alimwomba Mwalimu Pius asome muhtasari wa kikao cha bodi, na alipofika pale penyewe akamkatisha. "Hapo rudia, mwalimu. Wazazi wasikie vizuri." Pius akarudia kwa sauti iliyokauka, kwamba mjumbe Shimba Machibya alisema mchepuo huu ni aibu, unavunja nyumba za watu, uondoke leo kabla ya kesho.

Watu wakapiga makofi. Afisa elimu kata, mama mmoja mnene mwenye miwani, akatikisa kichwa kwa kustaajabu. "Mnaona, ndugu wazazi? Huyu mzee anatuzidi sisi tuliosoma. Anajua mtoto akifeli hafeli peke yake, nyumba nzima ndiyo imevunjika. Naomba asimame tumwone."

Mzee Shimba akasimama. Rebeka aliushika ukingo wa dirisha. Baba yake hakuhitaji hata kuomba nafasi ya kuongea, alikuwa ameshapewa, na watu wote walikuwa wanamtazama kwa upendo. Makofi yalipotulia mzee akakohoa.

"Ndugu zangu wazazi," alisema.

Rebeka alikuwa akiyasema pamoja naye, midomo tu.

"Ndugu zangu wazazi, mimi hili suala la mchepuo, nimekaa, nimelifikilia upya..."

Mwalimu Nestory aliacha kuandika. Na hapo ndipo Mayala, mwenye mitumbwi, mjumbe mwenzake aliyependa utani kuliko chakula, akadakia kutoka kwenye kiti chake: "Unalifikiria upya, mzee? Au siku ile ulidhani tunamjadili Mwalimu Nathaniel na michepuko yake?"

Ulikuwa utani tu. Mayala hakujua anachokisema, aliyagonganisha maneno mawili kwa kuwa yanafanana, kama anavyofanya gatini kila siku. Lakini watu walicheka. Kicheko kilianzia nyuma kwa akina mama kikaja mbele, na mtu mmoja akapaza sauti, "Unavunja nyumba za watu!" na hapo ndipo kilipopasuka, kwa sababu ghafla maneno yale yalikuwa yamekaa mahali pake pa kweli. Kila mtu aliona yalivyokaa, ila bado walidhani ni mchezo. Ilibaki kidogo sana ijulikane. Mwalimu Nestory hakucheka. Alikuwa anamtazama mzee kwa makini, kwa upole kabisa, akingoja.

Mzee Shimba aliwatazama wanaocheka. Alimtazama afisa elimu kata, ambaye naye alikuwa amevua miwani ili ajifute macho. Dirishani hakutazama, ingawa alijua nani yuko pale.

"Mimi si mtoto, Mayala," alisema, na sauti yake ilikuwa ile anayosomea kanisani. "Nilijua ninachokisema. Nimelifikilia upya, na nimeona nilichosema ni kilekile. Mchepuo uondoke."

Akakaa. Safari hii makofi yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza, maana watu waliona haya kwa kumcheka mzee mwenye msimamo wake. Mwalimu Nestory akasema basi, suala limepita mara ya pili, tena mbele ya wazazi wenyewe, liandikwe. Mwalimu Pius akaandika. Rebeka alimwona ameinamisha kichwa, kalamu inakwenda, na kwa wakati ule alimchukia hata yeye, ambaye hakuwa na kosa lolote.

Wenzake wakaondoka dirishani mmoja mmoja. Wa mwisho, msichana anayeitwa Winnie, alimgusa bega. "Si ulisema mzee wako kakubali?"

Rebeka aliendelea kuushika ukingo wa dirisha. Alimwambia atangulie.

Baba na mtoto walirudi nyumbani kwa miguu, mzee mbele, Rebeka nyuma yake hatua chache kama inavyompasa binti. Njiani watu walimpa mzee mkono, na mmoja alimwita mheshimiwa. Alikuwa anawaitikia wote. Walipofika sehemu isiyo na nyumba, ambapo ziwa linaonekana lote mpaka majabali ya mjini ng'ambo, akapunguza mwendo.

"Mayala yule ni mjinga," alisema bila kugeuka.

Rebeka alitazama ziwa.

"Wangecheka mpaka mwakani. Kanisani, mnadani, kila mahali. Ningesimama tena wapi mimi?"

"Sijui, baba."

"Histolia nayo ni somo. Kuna mawakili, kuna wabunge, wamesoma hayohayo. Mkuu wa shule mwenyewe anasema una akili."

"Ndiyo, baba."

Alitembea kidogo, kisha akasimama kabisa, akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Kama angesema samahani, au hata angenyamaza tu, Rebeka angemsamehe palepale. Alikuwa tayari kabisa kumsamehe, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote.

"Ningejua, Lebeka," alisema mzee. "Kama ningejua tu kwamba ni masomo yako."

Alikuwa anaitengeneza upya hadithi, wakiwa bado njiani. Mpaka wafike nyumbani ingekuwa imekwisha kuwa hivyo, mzee wa watu alidanganywa na neno gumu la walimu. Mama angeambiwa hivyo, na wajukuu siku moja wangehadithiwa hivyo na wangecheka sana.

"Ulijua, baba," alisema Rebeka. "Ulijua tangu Jumanne."

Mzee alibaki amesimama. Rebeka akampita, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake, akatangulia nyumbani kubandika maji ya ugali, kwa kuwa wadogo zake walikuwa bado hawajala.